Video ya harusi niliyoibadilisha bila kuiona, na bibi wa Juani aliyeitazama ikiwa giza

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimeona mdau ameuliza namna ya kuexport video ili icheze kwenye vile vimashine vidogo vya mfukoni, vile tulivyokuwa tukiviita MP4. Majibu mengi aliyopewa yalikuwa ya kumcheka kwamba amechelewa miaka.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka jambo.

Nitalieleza lilivyotokea. Nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Chumvi sitaongeza, maana jambo lenyewe halihitaji. Majina nimebadilisha.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa bara. Nilifika Mafia miaka ambayo hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka, watu wameshaacha kuibishia kila siku. Nilikuja kama fundi wa jenereta. Wakati huo filamu za matumbawe na kasa zilikuwa zinapelekwa vijijini kuonyeshwa kwa projekta, na jenereta ilikuwa mikononi mwangu. Mwenye projekta alipohamishwa, nikabaki na vyote viwili.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ya video. Sikusomea popote. Nilisoma ule ukurasa wa Help ambao kila mtu huufunga. Niliusoma wote, kamusi ya Kiingereza ikiwa pembeni.

Baadaye nikafungua kibanda Kilindoni, mjini hapo hapo Mafia. Kuchapa barua, kurekodi CD, kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, na kubadilisha video.

Sasa twende kwenye kisa.

Nilikuwa na jirani, tumwite Bi Mwanaidi, mwalimu wa chekechea. Mwanamke wa maneno machache na macho makali. Asubuhi moja aliingia kibandani na kamera ndogo ameifunga ndani ya mtandio kama mtu aliyebeba mayai.

"Baba Neema, nina kazi. Lakini ina masharti."

"Masharti gani, mwalimu?"

"Uifanye bila kuiona."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa video ya harusi ya Zuhura, binti wa marehemu dada yake wa baba mmoja, iliyofanyika Kirongwe. Lakini si ile sehemu ya sheikh na wanaume. Ilikuwa shughuli ya wanawake, ndani ya ua, vichwa wazi, watu wanacheza, bi harusi amepambwa. Bi Mwanaidi ndiye aliyeirekodi kwa mkono wake. Ukoo mzima ulikubali kwa ahadi moja: jicho la mwanaume lisipite humo.

Wale wasiojua pwani niwaeleze. Sauti ya shughuli mtaa mzima huisikia na hakuna anayeikataza. Kinachositiriwa ni sura. Kwa hiyo masikio yangu yalikuwa na ruhusa. Macho hayakuwa nayo.

Nikamuuliza, kama ni siri kiasi hicho, kwa nini isibaki kwenye kamera?

Akanieleza habari za Bi Tatu.

Bi Tatu ni bibi mzaa mama wa Zuhura, anaishi Juani, kisiwa cha kuvuka kwa boti. Mama yake Zuhura alipofariki, Bi Tatu ndiye aliyemlea mtoto mpaka akakua. Harusi ilipofika, hakwenda. Miguu ilikuwa imekataa kupanda na kushuka kwenye boti, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa. La kulia lilikuwa na mwanga kidogo, tena ukiwa ndani kwenye kivuli na kitu ukakisogeza mpaka karibu na pua.

"Picha za karatasi nimempelekea," Bi Mwanaidi akasema, akitoa MP4 ndogo mkobani. "Anageuza geuza, anaona mng'ao tu. Televisheni ndiyo kabisa, ukungu. Nikawaza, haka kamashine kana mwanga wake kenyewe. Anaweza kukashika hapa." Akaweka kiganja mbele ya uso wake.

Wakuu, mimi ndiye fundi, lakini wazo hilo lisingenijia. Skrini ndogo ambayo sisi tunailalamikia, kwake ndiyo ilikuwa saizi yake.

"Na lile jicho linapungua, Baba Neema. Nataka amuone Zuhura kabla halijafunga."

Kazi nikaikubali.

Namna tulivyofanya ni hivi. Programu yangu ya kubadilisha video ilikuwa na madirisha mawili. Kushoto settings, kulia picha yenyewe inavyokwenda. Bi Mwanaidi akatundika kanga upande wa kulia wa skrini, akaibana na vibanio vya nguo. Mimi nikazima zile picha ndogo zinazojitokeza kwenye folda, yakabaki majina ya mafaili peke yake. Nikafanya kazi na nusu ya kompyuta.

Hapa nitawaomba wasio watu wa kompyuta wanivumilie kidogo, maana ndipo kosa lilipoingia.

Ile MP4, pamoja na jina lake, haikuwa inacheza format ya MP4. Ilikuwa inacheza AVI ya aina fulani tu, picha ndogo, codec nyepesi, yaani namna ya kuibana video. Nilijua hilo. Lakini nikamfikiria bibi na jicho lake moja. Nikasema nimpandishie resolution, picha iwe safi zaidi. Nikaipandisha. Nilidhani namsaidia.

Ilipoisha, Bi Mwanaidi akaingia nyuma ya kanga, akaiangalia kwenye kompyuta kuanzia mwanzo. "Iko safi, mashallah." Na kweli ilikuwa safi. Kompyuta hucheza karibu kila kitu. Tatizo ni kwamba Juani haikuwa inakwenda kompyuta.

Kwenye mashine yenyewe hatukuijaribu. Ilikuwa imechomekwa inapata chaji, na ikiwa imechomekwa huonyesha alama ya waya basi. Na nje gari la Utende lilikuwa linapiga honi, maana abiria wa Juani walikuwa wanawahi boti.

Aliyeichukua ni Mwajuma, mke wa mwanawe Bi Tatu, ambaye ndiye anayekaa naye. Nilimfundisha vitufe: hiki kuwasha, hiki kucheza, hiki kurudisha nyuma. Bi Mwanaidi naye akamtuma: "Mwambie Bibi asiwe na wasiwasi. Kanga ilikuwa juu ya kioo mwanzo mpaka mwisho. Fundi hakuona hata ukucha."

Mwajuma akaenda zake.

Zikapita siku, sikumbuki ngapi. Bi Mwanaidi akarudi kibandani, safari hii anatabasamu.

"Bibi anakushukuru mpaka basi. Kanisimulia harusi nzima kwenye simu ya Mwajuma kama alikuwepo. Kamjua aliyechelewa. Kamjua aliyekuwa anapiga makofi nje ya ngoma. Tena kasema Somoe alicheza na ni mjamzito, kwa vile anavyovuta pumzi akiimba."

"Ni mjamzito?"

"Hata mumewe alikuwa hajaambiwa!"

Tukacheka. Kisha akasema, "Ila ana lalamiko moja. Anasema pale katikati umeiharibu. Wimbo unaisha, halafu kimya, kimyaa, mpaka akadhani betri imekwisha. Halafu ghafla vigelegele. Anauliza hapo katikati kumekatwa nini."

"Picha hapo ilikuwa inaendelea?"

"Picha ipi? Anasema uliweka pazia jeusi."

Nikageuka kutoka kwenye kompyuta.

"Pazia gani, mwalimu?"

Akaanza kunieleza yale aliyokuwa ameyachukulia kama mzaha wa simuni, huku tabasamu linamtoka taratibu. Mwajuma aliwasha, sauti ikaja, kioo kikabaki cheusi. Wakakumbuka habari ya kanga. Wakaona kumbe ile sitara ya fundi imeingia humo humo na video, ili hata wabebaji wa njiani wasichungulie. Bi Tatu akamwambia Mwajuma kwamba yule mtu wa bara ana adabu kuliko vijana wa Chole, kisiwa jirani. Akaisikiliza yote mpaka mwisho.

Yaani wakuu, harusi nzima aliyoisimulia, mwenye kupendeza, mwenye kuchelewa, mwenye mimba, hakuona hata kidole. Aliijua kwa sikio, kwenye spika ndogo kama kifungo cha shati.

Nimeshughulika na mafaili ya sauti miaka mingi. Sikujua kwamba ndani yake mna vitu vyote hivyo.

Lakini Bi Mwanaidi hakuwa anawaza hayo. Alivuta stuli akakaa.

"Pale kwenye kimya," akasema, "pale ndipo penyewe. Nilirekodi yote kwa ajili ya pale."

Nikamwambia, si apige simu amweleze?

"Hili hapana. Kuambiwa ameambiwa mengi. Hili alione."

"Na jicho linasemaje?"

"Mwajuma anasema siku hizi anakosea hata kikombe."

Hapo nikaelewa kwamba hatuna muda wa kubahatisha.

Mashine ikarudishwa Kilindoni kwa mkono wa abiria. Safari hii nilifanya kazi kama nilivyopaswa kuifanya mwanzo. Nilichukua kamera ile ile, nikatoka nyuma ya nyumba, nikarekodi kuku wangu. Nikawageuza hao kuku kuwa wa majaribio. Kila setting niliwapitisha wao kwanza, nikawatazama kwenye mashine yenyewe.

Resolution ile ya wema wangu: giza, sauti ya kuku peke yake. Sawasawa na Juani.

Nikashusha. Picha ikaja, lakini kuku wamerefuka kama korongo. Nikarekebisha uwiano wa upana na urefu. Mwisho ikakaa sawa kwenye 320 kwa 240, codec ya Xvid, sauti MP3. Wanaotaka hizo namba, ndizo hizo.

Ndipo nikaibadilisha ya harusi kwa setting ya kuku.

Likabaki suala la sauti kuendana na picha. Mimi sioni, nitajuaje? Bi Mwanaidi akakaa nyuma ya kanga ameshika mashine, mimi nimempa mgongo. Nikamwambia kila akiona makofi yanakutana aseme "pa".

Makofi yakasikika, halafu "pa!" ikafuata nyuma. Makofi, "pa!" Makofi, "pa!"

"Mwalimu, ni wewe unachelewa au ni picha?"

"Mimi nafundisha watoto kuimba, sichelewi."

Ilikuwa picha. Mashine ilikuwa inazidiwa. Nikapunguza idadi ya picha kwa sekunde, tukarudia. Safari hii "pa" na kofi vikaangukia mahali pamoja, na mteja aliyekuja kuchapa barua akasimama mlangoni akiuliza kama tumefungua madrasa.

Kuna mdau niliyemdokezea kisa hiki, ameniuliza kwa PM kabla sijamaliza kuandika: kwa nini usingempa mwanamke mwenye utaalamu akaifanya? Mkuu, miaka ile, Kilindoni, kwa ninavyojua mimi, hakuwepo. Angekuwepo ningempa.

Basi. Safari hii sikumkabidhi mtu. Nilikwenda mwenyewe.

Kwenye boti ya kuvuka nahodha alinitazama kuanzia viatu.

"Fundi, leo Juani? Umebeba nini?"

"Harusi."

"Harusi iko wapi?"

Nikapiga mfuko wa shati.

"Haya jamani," akawaambia abiria, "sogeeni, bi harusi asilowe."

Nilibisha hodi kwa Bi Tatu jua likiwa bado la asubuhi. Mwajuma akanikaribisha barazani, akaniwekea kiti kikiangalia njia, mgongo kwa mlango. Bi Tatu alikuwa chumba cha ndani ambako mna kivuli. Nikapaza sauti.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mwenye pazia?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuliondoa."

Nikawaeleza kwamba haikuwa adabu, lilikuwa kosa la kiufundi. Akacheka. "Basi nirudishie sifa zangu," akasema.

Mwajuma akaingia na mashine. Nilikuwa nimewaachia kipande cha kuku mwanzoni ili tujue kama jicho linapata picha kabla ya kuanza lenyewe. Nikasubiri. Kwanza ikaja sauti ya kuku. Kisha:

"Mwajuma! Mbona bi harusi anadonoa?"

Mwajuma akacheka mpaka nikasikia amekaa chini.

"Hawa kuku ni wako, mwanangu?"

"Wangu, Bibi."

"Wamekonda. Walishe."

Wakuu, sijawahi kufurahi hivyo kwa kutukaniwa kuku. Jicho lilikuwa linaona.

Halafu wakafungua ya harusi.

Niliisikiliza kwa mgongo. Wimbo ulianza, na Bi Tatu akawa anauliza na kujijibu mwenyewe. "Huyu si Somoe? Anavyojishika tumbo, nilisema mimi." "Ukaya huu wa kichwani ni wangu, kaazima nani?" Akaimba pamoja nao kidogo. Kisha akaanza kurudia jina moja, taratibu, "Zuhura. Zuhura. Zuhura huyo." Hakuwa anamwita. Alikuwa kama mtu anayehesabu kitu chake kuona kama kimetimia.

Wimbo ukaisha.

Kikaja kile kimya.

Mimi nilikijua sasa. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi kibandani, sauti haina kitu, upepo kidogo kwenye kamera, basi. Nilikuwa nakingojea kiishe.

Ndani ya kimya kile, kutoka chumbani, nikasikia sauti ya Bi Tatu. Haikuwa ile ya mzaha. Ilikuwa imenyooka, ya mtu mzima mbele za watu.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Inuka."

Na pale pale, kwenye mashine, vigelegele vikalipuka.

Sikujua alichokijibu ni nini, lakini niliona kwamba kile kimya kilikuwa na mahali pa mtu, na mtu ameingia.

"Mwajuma, rudisha."

Mwajuma akarudisha. Wimbo, kimya, "Marahaba, mwanangu. Inuka." Vigelegele.

"Rudisha."

Sikuhesabu alirudishiwa mara ngapi. Ninachojua ni kwamba hakuna mara hata moja aliyoiacha ipite bila kuitikia.

Baadaye akaniita nisogee mlangoni, mtandio ameshavuta. Mashine alikuwa ameilaza kifuani, uso wa kioo chini.

"Wewe hukuona," akasema.

"Sikuona, Bibi."

"Basi hili moja nakupa. Mengine ya ndani yabaki ndani."

Akanieleza. Kwenye ukoo wao, bi harusi akishapambwa hutolewa na kupiga magoti mbele ya aliyemlea. Hutoa shikamoo, na hainuki mpaka aitikiwe. Siku ile Kirongwe walitandika mkeka, wakakunja kanga ya Bi Tatu juu yake mahali ambapo angekaa. Zuhura akatolewa. Akapiga magoti mbele ya ile kanga, akatoa shikamoo yake kwa sauti ya chini sana, kamera haikuidaka. Akabaki magotini.

Hakuna aliyethubutu kumwitikia kwa niaba. Ua mzima ukanyamaza. Wakangoja mpaka mmoja wa wakubwa akamshika mkono kumwinua, ndipo wakapiga vigelegele.

"Mtoto aliinuka bila jibu," Bi Tatu akasema. "Mimi nilidhani umenikatia kipande."

Kisha akamwambia Mwajuma apige simu kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa ameshahamia kijiji cha Kanga kwa mumewe. Mtandao Juani ulikuwa wa kutafuta, Mwajuma akatoka na simu uani. Alipompata akarudi mbio na simu mbele. Bi Tatu hakumsalimu wala hakumuuliza hali. Alisema, "Marahaba, mwanangu. Nimechelewa. Inuka."

Sijui upande wa pili ulijibu nini. Mwajuma alikuwa ameshaanza kulia, na mimi nikaona heri niende nikamngoje nahodha.

Faili la harusi nililifuta kwenye kompyuta yangu siku ile ile niliporudi, Bi Mwanaidi akishuhudia. La kuku nilibaki nalo.

Kuhusu jicho, Bi Mwanaidi aliniambia lilifunga kabla ya mfungo uliofuata. Alisema Bibi bado huiomba ile mashine, huiwasha, na pale kwenye kimya huitikia.

Nilichojifunza, wakuu, kwa upande wa ufundi ni kwamba video haijaisha mpaka icheze kwenye chombo kile kile itakakochezwa. Kompyuta yako ni shahidi mwongo, inacheza kila kitu. Kama huruhusiwi kuiona ya mteja, rekodi kitu chako, hata kuku, ukipitishe kwenye setting zile zile. Na usimwongezee mtu ubora ambao chombo chake hakiwezi kuubeba.

Upande mwingine sina maneno mengi. Kabla ya siku ile nilikuwa nikiona mahali pasipo na sauti, kidole kinakwenda kwenye kitufe cha kukata. Siku hizi huwa namuuliza kwanza mwenye video kulikuwa na nani hapo.

Karibuni mchangie. Wale mliowahi kufanya kazi za watu bila ruhusa ya kuzitazama, mlifanyaje? Na yule mdau mwenye MP4 yake ya zamani asikate tamaa, aandike hapa jina la format inayoandikwa kwenye boksi, nitamsaidia.

Maswali ya codec nitajibu yote. Ya yaliyomo kwenye video msiniulize. Sikuiona. Nilisikia tu salamu ikiitikiwa.